Kuitafuta Taswira ya Lenzi Mbinuko kwa Mchoro wa Miale

Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, ni njia panda. Barabara itokayo Kahama hukutana hapo na ile iendayo Kibondo hadi Kigoma, na malori ya mizigo hupita mchana kutwa yakielekea Rusumo, wilayani Ngara, ambako huvuka Mto Kagera na kuingia Rwanda. Mwanafunzi aliye katika chumba chenye giza kidogo, ambacho dirisha lake laelekea barabara hiyo, aweza kufanya jambo moja rahisi. Ashike lenzi mbinuko mbele ya ukuta mweupe ulio mkabala na dirisha, kisha aisogeze taratibu, mara karibu na ukuta, mara mbali nao. Katika umbali fulani ataliona lori ukutani: dogo, lenye rangi zake zote, magurudumu juu na turubai chini. Lori lenyewe likienda kaskazini, taswira yake itasafiri kuelekea kusini.

Kwa nini taswira hiyo hutokea katika umbali huo tu, wala si mwingine? Je, twaweza kuutambua umbali huo kabla ya kuishika lenzi? Wanafunzi wengi hulijibu swali hili kwa kukariri jedwali: kitu kikiwa hapa, taswira iko pale, kikiwa pale, taswira iko hapa. Jedwali hilo husahaulika mara tu mtihani unapokwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakuna haja ya kukariri. Penseli, rula na mistari miwili vyatosha kutujulisha taswira iko wapi, ina ukubwa gani, na kama imesimama wima au imepinduka.

Taswira ni nini?

Tuanze na nukta moja tu ya kitu, tuseme ncha ya mwali wa mshumaa. Nukta hiyo hutoa mwanga pande zote. Miale isiyo na idadi huiangukia lenzi, mingine juu, mingine katikati, mingine chini. Lenzi mbinuko, kwa kuwa ni nene katikati na nyembamba pembezoni, huipinda miale hiyo na kuikusanya. Ikiwa lenzi ni nzuri, miale yote iliyotoka katika nukta ile moja hukutana tena katika nukta moja upande wa pili. Nukta hiyo ya makutano ndiyo taswira ya ncha ya mwali. Kila nukta ya mshumaa hufanyiwa hivyo hivyo, na jumla ya makutano hayo yote ndiyo taswira ya mshumaa mzima.

Tukiiweka karatasi mahali hasa pa makutano, twaona taswira safi. Tukiiweka mbele au nyuma ya hapo, miale huwa bado haijakutana, au imekwisha kukutana na kuachana tena. Kila nukta huwa doa, na madoa hayo yakiingiliana twaona ukungu. Kwa hiyo kuitafuta taswira ni kutafuta mahali miale inapokutana.

Hapa ndipo penye siri ya mchoro. Kwa kuwa miale yote ya nukta moja hukutana mahali pamoja, hatuna haja ya kuichora yote. Miwili yatosha, kwani mistari miwili iliyonyooka, isiyo sambamba, hukutana katika nukta moja tu. Nasi tutaichagua ile ambayo njia yake twaijua bila hesabu ndefu.

Maneno machache ya lazima

Mstari unaopita katikati ya lenzi, ukiikabili uso kwa uso, huitwa mhimili mkuu. Mahali mstari huo unapokata katikati ya lenzi ni kitovu cha lenzi. Miale inayokuja sambamba na mhimili mkuu hukusanywa katika nukta moja juu ya mhimili huo. Nukta hiyo ni fokasi. Umbali kutoka kitovu hadi fokasi ni urefu wa fokasi. Kila lenzi ina fokasi mbili, moja kila upande, zenye umbali sawa kutoka kitovuni.

Shule isiyo na maabara yaweza kupata lenzi kwa bei ndogo. Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni huandikwa namba, kama vile +2.00 au +3.00. Ukigawa mita 1 kwa namba hiyo wapata urefu wa fokasi: miwani ya +2.00 ina sentimeta 50, na ya +3.00 ina sentimeta 33 hivi. Ingawa upande mmoja wa lenzi hiyo umebonyea, bado ni nene zaidi katikati kuliko pembezoni, na kwa hiyo hukusanya miale.

Njia ya kuupima urefu wa fokasi ni kupokea kwenye karatasi taswira ya kitu kilicho mbali sana, kwa sababu miale itokayo mbali hufika ikiwa karibu sambamba. Jua lafaa sana kwa kazi hiyo. Nyakanazi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, hivyo mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la mchana hupita utosini. Siku hizo weka karatasi chini, shika lenzi sambamba na ardhi, ipandishe na kuishusha hadi duara la mwanga liwe dogo kabisa, kisha pima kwa rula iliyosimama wima. Wakati wenyewe ni karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Nyakanazi iko karibu na nyuzi 31. Jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi moja, na tofauti ya nyuzi 14 ni karibu saa nzima.

Lile duara dogo si fokasi tupu. Ni taswira ya jua. Upana wake ni karibu sehemu moja ya mia ya urefu wa fokasi, yaani milimita moja hivi kwa lenzi ya sentimeta 10. Nguvu yote iliyoangukia lenzi imesongamana hapo, ndiyo sababu karatasi huungua. Jambo hilohilo litatokea ndani ya jicho. Mwalimu awaonye wanafunzi wake: kamwe mtu asilitazame jua kupitia lenzi.

Miale mitatu ya kuchagua

Kutoka ncha ya kitu twaweza kuchora miale mitatu ambayo njia yake yajulikana.

Mwale wa kwanza husafiri sambamba na mhimili mkuu hadi lenzi. Ukiisha kupita, huinama na kupitia fokasi ya upande wa pili.

Mwale wa pili huelekea kitovu cha lenzi, nao hupita bila kupinda. Sababu yake ni kwamba hapo katikati nyuso mbili za lenzi ni karibu sambamba, kama kioo cha dirisha.

Mwale wa tatu hupitia fokasi ya upande ule kilipo kitu, kisha hufika kwenye lenzi. Ukitoka, husafiri sambamba na mhimili mkuu. Huu ni mwale wa kwanza uliogeuzwa nyuma mbele.

Miwili huionyesha taswira. Wa tatu ni wa kuhakiki: usipopita katika makutano ya ile miwili, mchoro una kosa.

Mchoro hatua kwa hatua

Tuchukue lenzi yenye urefu wa fokasi wa sentimeta 10. Kitu chenye kimo cha sentimeta 4 kimewekwa sentimeta 30 kutoka kwenye lenzi. Daftari halitoshi umbali huo, kwa hiyo tutumie kipimo: sentimeta 1 ya daftari iwe badala ya sentimeta 5 za kweli.

Kwanza, chora mstari mrefu ulalao. Huo ni mhimili mkuu. Pili, katikati yake chora mstari mrefu wa wima uwe badala ya lenzi. Tutachukua kwamba miale yote hupinda kwenye mstari huo. Tatu, tia alama za fokasi sentimeta 2 kushoto na sentimeta 2 kulia. Nne, simamisha kitu sentimeta 6 kushoto mwa lenzi. Kimo chake kichore kama kilivyo, sentimeta 4. Usiogope kutumia kipimo kimoja kwa kulala na kingine kwa kimo, kwani mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na mahali pa makutano hapahami.

Tano, chora mwale kutoka ncha ya kitu, sambamba na mhimili, hadi kwenye lenzi; kutoka hapo upitishe katika fokasi ya kulia na uuendeleze. Sita, chora mwale mwingine kutoka ncha ileile, unyooke kupitia kitovuni na kuendelea. Miale hiyo itakutana chini ya mhimili, sentimeta 3 kulia mwa lenzi. Pima kutoka mhimili hadi makutano: sentimeta 2.

Basi taswira iko sentimeta 15 za kweli nyuma ya lenzi, imepinduka, na kimo chake ni nusu ya kimo cha kitu. Kwa kuwa miale imekutana kweli, taswira hii yaweza kupokewa kwenye karatasi. Nayo huitwa taswira halisi.

Kosa la kuogopwa

Miale miwili ya mchoro ni chombo chetu sisi wachoraji. Lenzi haiijui. Mwanafunzi asiyelifahamu jambo hili huona mchoro wenye mistari miwili na kudhani kuwa mwanga wote umepita katika mistari hiyo. Mwulize: tukiifunika nusu ya juu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, taswira itakuwaje? Wengi watajibu kwamba nusu ya taswira itapotea. Fanyeni jaribio darasani. Taswira hubaki nzima, ila mwanga wake hufifia, kwa sababu kila nukta ya kitu ilikuwa imepeleka miale kwenye lenzi nzima, na nusu iliyobaki wazi yaweza kuikusanya miale ya kila nukta.

Kwa sababu hiyohiyo mchoro hufaa hata pale mwale wa kwanza usipoweza kuigusa lenzi. Lori lenye kimo cha mita 4 likitazamwa kwa lenzi ya upana wa sentimeta 5, mwale wa sambamba kutoka juu ya lori hupita mbali sana juu ya lenzi. Hata hivyo twauchora, tukiurefusha mstari wa lenzi kadiri ya haja, na jibu ni sahihi. Mwale huo hutuonyesha mahali ambapo ile miale mingine, iliyopita kweli katika lenzi, imekutana.

Kitu kinaposogezwa

Sasa rudia mchoro huo mara nne, ukikileta kitu karibu na lenzi.

Kikiwa sentimeta 20, yaani mara mbili ya urefu wa fokasi, taswira nayo huwa sentimeta 20 upande wa pili. Imepinduka, na ukubwa wake ni sawa na wa kitu.

Kikiwa sentimeta 15, taswira husogea hadi sentimeta 30, na kimo chake huwa mara mbili ya kimo cha kitu. Linganisha na mchoro wetu wa mwanzo: hapo kitu kilikuwa 30 na taswira 15. Mwanga waweza kurudi katika njia uliyojia, kwa hiyo kitu na taswira vyaweza kubadilishana mahali.

Kikiwa sentimeta 10, juu ya fokasi yenyewe, miale hutoka ikiwa sambamba. Haikutani popote, hata karatasi ipelekwe mbali namna gani.

Kikiwa sentimeta 5, miale hutoka ikizidi kuachana. Usikate tamaa wala usiipinde ili ikutane. Irudishe nyuma kwa mistari ya nukta-nukta, upande ule kilipo kitu. Mistari hiyo itakutana sentimeta 10 kutoka lenzi, juu ya mhimili, kwa kimo mara mbili ya kitu. Jicho lililo upande wa pili hudhani mwanga umetoka hapo. Karatasi ikiwekwa hapo haitapokea kitu, maana hakuna mwale uliopita kweli. Hii ni taswira isiyo halisi, nayo imesimama wima. Ndivyo lenzi ya kukuzia maandishi inavyofanya kazi.

Zingatia mwendo wa jambo hili. Kitu kinapoijongea fokasi kutoka mbali, taswira hukimbia mbele yake na kukua. Katika sentimeta 10 za kwanza, kutoka 30 hadi 20, taswira ilisogea sentimeta 5 tu. Katika sentimeta 5 zilizofuata, ilisogea sentimeta 10. Karibu na fokasi, hatua ndogo ya kitu huleta safari kubwa ya taswira. Tutaliona tena jambo hili punde.

Kutoka mchoro hadi hesabu

Mchoro wenyewe waweza kutupa kanuni. Tuite umbali wa kitu u, umbali wa taswira v, na urefu wa fokasi f. Mwale wa kitovuni hufanya pembetatu mbili zinazofanana, nazo zatuambia kuwa kimo cha taswira kikigawanywa kwa kimo cha kitu ni v/u. Mwale wa sambamba, baada ya kupinda, hufanya pembetatu nyingine mbili zinazofanana kila upande wa fokasi, nazo zatuambia kuwa uwiano huohuo ni (v − f)/f. Basi:

v/u = (v − f)/f

Tukigawanya pande zote kwa v na kupanga upya, twapata:

1/u + 1/v = 1/f

Kwa mfano wetu, 1/30 + 1/15 = 1/10. Hesabu na mchoro vyapatana, kwa kuwa hesabu imezaliwa na mchoro.

Hadubini na ugonjwa wa malale

Mbuga na mapori ya magharibi mwa Ziwa Viktoria, pamoja na yale ambayo tangu mwaka 2019 yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ni makazi ya mbung'o, aenezaye ugonjwa wa malale. Vimelea vya ugonjwa huu vilionekana Entebbe, Uganda, katika majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, pale Aldo Castellani alipoyachunguza kwa hadubini mwishoni mwa mwaka 1902. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha kuwa mbung'o ndiye mwenezaji. Malale ya Afrika Mashariki huenda kasi; mgonjwa asiyetibiwa aweza kufa katika muda wa majuma au miezi. Kuviona vimelea katika damu, tena mapema, ni jambo la uhai wake.

Kimelea hicho kina urefu wa karibu elfu 25 za milimita, yaani milimita 0.025. Jicho tupu haliwezi kukitambua. Hadubini hutumia lenzi mbinuko mbili, na kila moja hufanya jambo tulilokwisha kulichora. Tuchukue kwamba lenzi iliyo karibu na damu ina urefu wa fokasi wa milimita 4, na damu iko milimita 4.1 kutoka kwayo, nje kidogo tu ya fokasi. Kanuni yatupa taswira halisi, iliyopinduka, milimita 164 juu ndani ya bomba, yenye ukubwa mara 40. Kimelea sasa kina milimita 1. Lenzi ya pili, ya jichoni, huitazama taswira hiyo kama lenzi ya kukuzia. Ikikuza mara 10, kimelea huonekana kama chenye urefu wa milimita 10. Chembe nyekundu za damu zinazokizunguka, zenye upana wa elfu 7 za milimita, huonekana kama duara za milimita 2.8.

Sasa tulirudie lile jambo la hatua ndogo karibu na fokasi. Ikiwa damu itashuka kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, iwe milimita 4.2 kutoka lenzi, taswira itatua milimita 84. Imehama sentimeta 8! Mpimaji ataona ukungu mtupu, na mgonjwa aweza kuambiwa kuwa hana kimelea. Ndiyo maana hadubini huwa na gurudumu la pili la kurekebishia, liendalo polepole sana, na ndiyo maana mpimaji hufundishwa kulizungusha bila haraka. Tena, kwa kuwa taswira imepinduka, akisukuma kioo cha damu kulia, picha huenda kushoto. Aliyewahi kuchora miale miwili darasani hashangazwi na hayo.

Maswali ya kujipima

1. Kitu kiko sentimeta 12 kutoka lenzi yenye urefu wa fokasi wa sentimeta 10. Chora na utafute mahali pa taswira na ukubwa wake.

2. Mshumaa na karatasi vimeachana kwa sentimeta 80. Lenzi ikiwekwa katikati kabisa, taswira safi huonekana, nayo ni sawa na mshumaa kwa ukubwa. Urefu wa fokasi ni kiasi gani?

3. Lenzi ya miwani ya +2.00 imewekwa sentimeta 40 kutoka kwenye mshumaa. Je, taswira yaweza kupokewa ukutani?

Majibu: (1) Sentimeta 60 upande wa pili, mara 5, imepinduka. (2) Sentimeta 20. (3) La. Mshumaa umo ndani ya urefu wa fokasi wa sentimeta 50, kwa hiyo taswira si halisi. Iko sentimeta 200 upande ule ulipo mshumaa, imesimama wima, na ni mara 5.